Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Namna Filamu za Marekani Zinavyoilisha Sinema ya Ufaransa

Chukua tiketi moja ya sinema ya euro 10, iliyokatwa katika mji wowote mdogo wa Ufaransa siku ya Jumatano, siku ambayo filamu mpya hutoka kule. Filamu yenyewe ni ya Marekani: mashujaa wanaoruka, milipuko, majengo yanayoporomoka. Kabla mwenye ukumbi hajagusa hata senti, serikali imeshachukua karibu senti 52, ambazo ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5.5 iliyomo ndani ya bei. Kisha inakatwa euro 1 na senti 7, yaani asilimia 10.72 ya bei nzima, ushuru maalumu ambao Wafaransa huuita kwa kifupi TSA. Watunzi wa muziki nao wana senti zao kumi na kitu. Kinachobaki, kama euro 8 na senti 30, wanagawana mwenye ukumbi na msambazaji, na sheria haimruhusu msambazaji kuchukua zaidi ya nusu.

Habari yote imo ndani ya ile euro 1 na senti 7. Haiendi kwenye mfuko wa jumla wa serikali kununua magari na kulipa mishahara. Inaingia katika akaunti ya Kituo cha Taifa cha Sinema, CNC, na ikitoka humo huenda hasa kwenye sinema ya Ufaransa. Kijana aliyekwenda kumtazama shujaa wa Marekani ametoka ukumbini akiwa amechangia filamu ya Kifaransa ambayo pengine hataiona maishani mwake.

Mijadala kuhusu Marekani na utambulisho wa Ulaya huishia kwenye ladha: hambaga, jinzi, Kiingereza kwenye mabango. Ladha ni ngumu kuijadili, kila mtu na ulimi wake. Ufaransa, tofauti na majirani zake wengi, iliugeuza ubishi huo kuwa hesabu: nani anakatwa kiasi gani, kitu kionyeshwe lini, kwa lugha ipi. Ukizifuata hesabu hizo utaona kwamba kinacholindwa leo kama cha Kifaransa halisi kina mkono wa Mmarekani ndani yake.

Deni, mkopo na wiki nne

Yote yalianza na ukata. Mwaka 1946 Ufaransa ilikuwa hoi: reli zimebomolewa, makaa ya mawe hayatoshi, dola hakuna. Léon Blum, mwanasiasa mkongwe wa Kisoshalisti aliyewahi kuwa waziri mkuu, akatumwa Washington kuomba. Tarehe 28 Mei mwaka huo alitia saini makubaliano na James Byrnes, waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Sehemu kubwa ya deni la vita ikafutwa, na mikopo mipya ikatolewa, mmoja ukiwa wa dola milioni 650 kutoka Benki ya Export-Import. Lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na katika masharti kulikuwa na kipengele cha sinema.

Kabla ya vita Ufaransa ilizuia kwa kuhesabu filamu: za kigeni zilizotiwa sauti za Kifaransa ziingie idadi fulani kwa mwaka, basi. Makubaliano mapya yaliondoa hesabu hiyo na kuweka hesabu ya wiki. Kila robo mwaka, yaani wiki 13, ukumbi ulilazimika kutenga wiki 4 kwa filamu za Kifaransa. Wiki 9 zilizobaki zikawa za atakayeshinda.

Kwa nini wiki 9 za ushindani huru zilikuwa balaa? Wakati Wajerumani wanaikalia Ufaransa, filamu za Marekani zilikuwa zimepigwa marufuku. Hollywood ikawa na shehena ya miaka kadhaa inayosubiri mlango ufunguliwe, na filamu hizo zilikuwa zimesharudisha gharama zake nyumbani, kwenye soko la watu zaidi ya milioni 140. Chochote kilichopatikana Paris kilikuwa faida tupu, hata zikikodishwa kwa bei ya kutupa. Mtayarishaji wa Kifaransa alitakiwa kurudisha gharama zake zote kwa watu milioni 40, huku umeme ukikatika na mikanda ya kupigia picha ikiwa ya kutafuta kwa tochi. Ni fundi cherehani anayeshindana na muuza mitumba: nguo ya mtumba imeshalipiwa na mvaaji wa kwanza, fundi bado anadaiwa kitambaa, uzi na kodi ya pango.

Januari 1948 waigizaji na mafundi wa sinema waliandamana katikati ya Paris. Septemba mwaka huo makubaliano yakarekebishwa: wiki 4 zikawa 5, na ukarudishwa ukomo wa filamu 121 za Marekani zilizotiwa sauti kwa mwaka. Sehemu ya mapato ya studio za Marekani ikazuiwa isihamishwe kwenda nje. Fedha iliyofungiwa namna hiyo haina raha, inatafuta pa kutumika, na ndiyo sababu mojawapo ya kampuni za Hollywood kuja kupiga filamu zao Paris katika miaka ya 1950. Italia nayo ilifanya hivyo, na studio za Cinecittà nje ya Roma zikajaa Wamarekani.

Waandamanaji walipigania wiki. Jambo lililodumu likapita kimyakimya: sheria ya tarehe 23 Septemba 1948 iliyoweka ushuru juu ya kila tiketi. Ilipitishwa kama msaada wa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo.

Wamarekani hawakuwa na pa kuushika ushuru huo. Unatozwa kila tiketi, iwe ya filamu ya Kimarekani, ya Kiitaliano au ya Kifaransa, kwa hiyo kwenye dirisha la tiketi hakuna ubaguzi. Ubaguzi uko kwenye matumizi, na kumpa ruzuku mzalishaji wa nyumbani hakukuwa kosa kwa kanuni za biashara za wakati ule. Tena mkataba wa biashara ya kimataifa wa GATT wa mwaka 1947, ambao Marekani yenyewe iliuandaa, una ibara ya 4 inayoruhusu waziwazi nchi kutenga muda wa skrini kwa filamu zake. Sinema ilipewa ibara yake peke yake, upendeleo ambao saruji na sukari hazikuupata.

Akaunti isiyotoa fedha taslimu

Fedha ya CNC hutoka kwa njia kuu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza inajiendesha yenyewe. Kila mtayarishaji mwenye filamu iliyopewa kibali cha kuwa ya Kifaransa ana akaunti. Filamu yake ikiuza tiketi, akaunti inajazwa kwa kadiri ya tiketi hizo, na kiwango kinashuka watazamaji wakizidi sana ili filamu moja kubwa isifagie sufuria yote. Fedha hiyo hawezi kuitoa akanunulia nyumba ufukweni. Anaweza kuitumia kwa jambo moja, kutengeneza filamu nyingine yenye kibali, tena ndani ya muda uliowekwa. Wenye kumbi nao wana akaunti ya aina hiyo: sehemu ya ushuru waliokusanya hurudi kwao kwa ajili ya viti, projekta na paa, na kumbi ndogo hurudishiwa sehemu kubwa zaidi kuliko kumbi kubwa. Ndiyo maana mwenye ukumbi wa kijijini hana ugomvi na filamu za Marekani, maana ndizo zilizombadilishia viti.

Ya pili ni ya kuchaguliwa, na maarufu zaidi ni ile iliyoanzishwa mwaka 1959, André Malraux alipokuwa waziri wa utamaduni. Kamati inasoma mswada wa filamu, ikiupenda inatoa mkopo usio na riba, unaolipwa kutokana na mapato. Filamu isipopata kitu, hakuna anayekuja kubisha hodi. Nyingi hazirudishi mkopo wote, na wote waliomo kwenye biashara hiyo wanalijua hilo tangu siku ya kusaini. Kwa njia hii mwongozaji ambaye hajawahi kupiga filamu hata moja anaweza kuanza bila kumshawishi mwenye benki.

Lazima niongeze sahihisho, kwa sababu msemo kwamba Hollywood inawalisha Wafaransa umetiwa chumvi na pande zote mbili. Tangu miaka ya 1980 vituo vya televisheni navyo vinakatwa, na siku hizi mchango wao katika sufuria ya CNC unazidi wa tiketi. Huduma za video za mtandaoni hutozwa asilimia 5.15 ya mapato yao ya Ufaransa. Halafu filamu za Marekani hazitawali kumbi za huko kama zinavyotawala kwingine Ulaya. Mwaka 2024 filamu za Kifaransa zilichukua karibu asilimia 44 ya tiketi zote, za Marekani kama 37. Katika nchi nyingi za Ulaya filamu ya nyumbani ikifika robo ya tiketi, watu wanasherehekea.

Kasoro ya mashine ni wingi. Ufaransa inatengeneza karibu filamu 300 kwa mwaka. Jumatano moja inaweza kutoa kumi na zaidi kwa pamoja, na Jumatano inayofuata nyingine kumi zinasukuma zile za kwanza nje ya ukumbi. Mfumo unaolipia utengenezaji kuliko utazamaji utakupa filamu nyingi, na watu wakae nyumbani.

Ufaransa wa filamu unapimwaje?

Ukishasema fedha ni kwa filamu za Kifaransa, mwanasheria atakuuliza: filamu ya Kifaransa ni ipi? CNC inajibu kwa alama. Kuna alama 100, zinazogawanywa kati ya kampuni, lugha ya kupigia filamu, waandishi, waigizaji, mafundi, na mahali kazi ilipofanyika. Lugha pekee ina alama 20. Chini ya alama 25 hupati kitu.

Utaratibu huu ulionekana umekamilika mpaka mwaka 2004. Jean-Pierre Jeunet alikuwa amepiga filamu kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, iitwayo *Un long dimanche de fiançailles*: mwongozaji Mfaransa, mwigizaji mkuu Audrey Tautou, lugha Kifaransa, mahandaki ya Kifaransa, hadithi kutoka kitabu cha Kifaransa. Kwa alama ilifaulu bila shida. Lakini kampuni iliyoitayarisha iliundwa na tawi la Warner Bros., ambalo lilishika asilimia 32 ya hisa huku nyingi ya zilizobaki zikiwa mikononi mwa watu wake. Watayarishaji washindani wakaenda mahakamani, na Novemba 2004 mahakama ya Paris ikafuta kibali: kampuni ni chombo cha Wamarekani kilichovaa kanzu ya Kifaransa.

Wengi walicheka, lakini kwa maoni yangu mahakama ilisoma mfumo vizuri kuliko waliocheka. Kumbuka akaunti. Kibali kingeiwezesha kampuni ya Warner kujilimbikizia haki ya ruzuku kutoka kwa kila tiketi, na kuitumia kwa filamu inayofuata. Mgeni angekuwa anakatwa kwenye tiketi kwa mkono wa kulia na kurudishiwa kwa wa kushoto.

Nchini Uingereza, yale Wafaransa waliyoyahofia yalitokea kweli. Mwaka 1950 nayo iliweka ushuru juu ya tiketi, ukaitwa Eady Levy kwa jina la ofisa wa Hazina aliyeubuni. Fedha zilikwenda kwa filamu za Kiingereza, na filamu ya Kiingereza ilikuwa ile iliyotengenezwa Uingereza na kampuni iliyosajiliwa Uingereza, kwa mafundi wa pale. Hakuna aliyeuliza mwenye kampuni ni nani. Studio za Marekani zikafungua matawi London, zikapiga filamu zao kubwa huko, na katika miaka ya 1960 sehemu nene ya ushuru ikaishia mifukoni mwao, maana waliouza tiketi nyingi ndio waliolipwa zaidi. Mafundi wa Uingereza walinufaika kweli, wakawa hodari hasa. Wenye mali walikuwa ng'ambo. Ushuru ulifutwa mwaka 1985.

Waingereza walikuwa wameteleza namna hiyohiyo kabla. Sheria yao ya mwaka 1927 ililazimisha wasambazaji na wenye kumbi kuwa na asilimia fulani ya filamu za Kiingereza, ikianzia chini na kupanda hadi 20. Sheria ilihesabu urefu wa mkanda na haikugusa ubora. Wasambazaji wa Kimarekani wakaagiza filamu za bei chee, kwa malipo yaliyozoeleka ya pauni moja kwa kila futi ya mkanda, zilizopigwa kwa wiki moja au mbili ili kutimiza hesabu tu. Filamu ya Kiingereza ikapata sifa mbaya nyumbani kwake, kutokana na sheria iliyotungwa kuinusuru.

Neno ambalo halimo kwenye mkataba

Huwezi kusoma habari hizi bila kukutana na msemo wa Kifaransa *exception culturelle*, yaani utamaduni uachwe nje ya sheria za kawaida za biashara. Wengi wanaamini ni kifungu cha mkataba wa kimataifa. Sivyo. Mazungumzo ya biashara ya dunia yaliyomalizika Desemba 1993 yalileta mkataba wa huduma, na filamu na televisheni zimo ndani yake kama huduma nyingine. Jumuiya ya Ulaya, kwa shinikizo la Ufaransa, haikuandika ahadi yoyote kwenye safu ya huduma hizo. Iliacha nafasi wazi. Katika mikataba ya namna hiyo usichoahidi hulazimishwi, na utetezi wote ukasimama juu ya ukurasa usio na kitu. Mwaka 2005 ulikuja mkataba wa UNESCO kuhusu anuwai ya tamaduni, uliopitishwa kwa kura 148 dhidi ya 2, za Marekani na Israeli. Huo una maneno mazuri lakini meno yake ni mafupi.

Miezi ya kusubiri

Kwenye majukwaa ya mtandaoni silaha kuu ni kalenda. Ufaransa inapanga kwa zamu lini filamu iliyotoka ukumbini inaweza kuonekana kwingine. Kwa makubaliano ya Januari 2022, ukodishaji wa video ulikuwa baada ya miezi 4, Canal+, televisheni ya kulipia ya Ufaransa, baada ya 6, Netflix baada ya 15, Disney+ na Amazon baada ya 17, televisheni ya bure baada ya 22. Kabla ya hapo majukwaa yalisubiri miezi 36.

Zamu hununuliwa kwa mchango. Canal+ iko mbele kwa sababu kwa miaka 40 imekuwa mnunuzi mkubwa wa filamu za Kifaransa kabla hazijapigwa. Amri ya serikali ya Juni 2021 iliweka bei kwa wageni: jukwaa la kulipia litumie angalau asilimia 20 ya mapato yake ya Ufaransa kwa kazi za Ulaya na za Kifaransa, na asilimia 25 kama linataka kuonyesha filamu kabla ya miezi 12 kupita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 inadai pia kwamba asilimia 30 ya katalogi iwe kazi za Ulaya. Hiyo ya katalogi ni dhaifu. Kujaza rafu kwa vitu vya zamani visivyobofywa na mtu ni rahisi, kama zamani vituo vya televisheni vilivyotimiza viwango kwa kurusha vipindi vya Kifaransa usiku wa manane, mpaka wakalazimishwa kuhesabu saa za jioni.

Disney ilijaribu kutunisha msuli. Mwaka 2022 filamu yake moja ya katuni ya msimu wa sikukuu haikupelekwa kwenye kumbi za Ufaransa, ikaenda moja kwa moja mtandaoni, na ikatishia kuifanyia hivyo filamu ya pili ya *Black Panther*. Haikufanya, na sababu inaeleweka: kuruka kumbi za Ufaransa ni kutupa mamilioni ya tiketi. Januari 2025 Disney ikakubali kutumia asilimia 25 ya mapato yake huko, na ikasogezwa hadi miezi 9. Mgeni alilipia kiti cha mbele, akakaa.

Asilimia 40 na kilichoota hapo

Sasa redio, ambako mambo yalikwenda njia ambayo hakuna mbunge aliyeiwaza.

Sheria ya Februari 1994 ilisema kwamba kuanzia Januari 1996 asilimia 40 ya nyimbo za redio ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za wasanii wapya au nyimbo mpya. Kuzuia ujanja wa usiku wa manane, hesabu hufanywa saa 12:30 asubuhi hadi saa 4:30 usiku siku za kazi. Waliounga mkono walikuwa na picha ya mwimbaji na gitaa lake, maneno yametulia, Paris yenye mvua.

Redio za vijana zilikuwa na tatizo. Wasikilizaji wao hawakutaka nyimbo za baba zao, na Kiingereza hakihesabiwi. Kilichokuwepo, kwa Kifaransa, kipya na chenye wasikilizaji chini ya miaka 25, kilikuwa rapu. MC Solaar, mzaliwa wa Dakar, alikuwa tayari na jina. IAM walikuwa Marseille, NTM kitongojini Saint-Denis. Mwaka 1996 kituo cha Skyrock kikageukia rapu. Na rapu inafaa sheria hiyo kama funguo na kufuli, kwani ni maneno mwanzo hadi mwisho. Ndivyo kinga dhidi ya Marekani ilivyofungua masafa ya taifa kwa sanaa iliyozaliwa Bronx, New York.

Walioingia kwa mlango huo, wengi walikuwa watoto wa wahamiaji. Passi alizaliwa Brazzaville, Youssoupha na Gims Kinshasa, na rumba ya Kongo ikapenya katika midundo inayohesabiwa leo kama muziki wa Kifaransa. 

Redio zikapata ujanja mwingine: kurudia nyimbo zilezile chache za Kifaransa mchana kutwa hadi asilimia 40 itimie. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa. Nyimbo 10 zinazorudiwa zaidi zikichukua zaidi ya nusu ya upigaji wote wa Kifaransa, ziada haihesabiwi.

Kinyota chini ya tangazo

Kwenye lugha yenyewe, sheria ya Agosti 1994 ina jina la waziri wa utamaduni wa wakati huo, Jacques Toubon. Wapinzani walimtania kwa kulitafsiri jina lake neno kwa neno kwa Kiingereza, wakamwita Mista Allgood. Mswada wake ulitaka hata watu binafsi walazimishwe kutumia maneno rasmi badala ya ya Kiingereza. Baraza la Katiba likakikata kipande hicho: serikali inaweza kuwaamrisha watumishi wake, lakini raia ana uhuru wa kusema kwa maneno ayatakayo, na uhuru huo ulitangazwa mwaka 1789.

Kilichobaki kinafanya kazi kwenye matangazo, mikataba na sehemu za kazi. Simama kituo chochote cha treni Paris utazame tangazo lenye kaulimbiu ya Kiingereza: mwishoni pana kinyota, na chini kabisa, kwa herufi ambazo mwenye miwani huinamia, ipo tafsiri. Sheria inasema tafsiri isomeke sawasawa na maneno ya kigeni. Kinyota kinasema mengine. Kazini mambo ni makali zaidi. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Versailles iliitoza kampuni ya GE Medical Systems euro 580,000 kwa kuwapa wafanyakazi wa Ufaransa programu na nyaraka za Kiingereza bila Kifaransa. Hapo Kifaransa kilikuwa haki ya fundi kuelewa mashine anayoishika, na sidhani kuna anayeweza kuikejeli.

Maneno rasmi yana bahati zao. *Ordinateur*, yaani kompyuta, lililobuniwa mwaka 1955 kwa ombi la tawi la IBM la Ufaransa, lilishinda kabisa. *Logiciel*, yaani programu ya kompyuta, vilevile. *Courriel*, lililotangazwa rasmi mwaka 2003 kwa barua pepe, linaandikwa na serikali, watu wanaendelea na *mail*. Msomaji wa Kiswahili anaujua mchezo huu: tarakilishi limo kamusini, kompyuta limo mdomoni, na barua pepe imefua dafu. Linaloonekana kwa pande zote ni kwamba neno likifika pamoja na kifaa hukaa. Likiletwa watu wameshazoea jingine, limechelewa.

Kuhusu vyakula nitakuwa mfupi, kwani vina kelele kuliko uzito. Mwaka 1950 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ambayo ingeweza kuipiga marufuku Coca-Cola, kwa msukumo wa Wakomunisti na wakulima wa zabibu. Haikupigwa marufuku. Agosti 1999 mkulima José Bové na wenzake walibomoa jengo la McDonald's lililokuwa likijengwa Millau, mji wa kusini mwa Ufaransa, na dunia ikadhani ni vita vya hambaga. Wengi wao walikuwa wafugaji wa kondoo wanaouza maziwa kwa ajili ya jibini la Roquefort. Marekani ilikuwa imeliwekea jibini hilo ushuru wa asilimia 100, ikilipiza kisasi kwa Ulaya kukataa nyama ya ng'ombe waliopewa homoni. Ushuru ule ulikuwa Washington, na McDonald's ndicho kitu cha Marekani kilichokuwa karibu.

Julai 26, 2024, sherehe za kufungua Olimpiki zilipita juu ya mto Seine. Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako aliyekulia Aulnay-sous-Bois, alitoka katika jengo la Institut de France, makao ya Akademia ya Kifaransa inayoandika kamusi ya lugha hiyo, akacheza darajani na bendi ya kijeshi ya Garde républicaine. Miezi michache kabla, kundi la siasa kali za mrengo wa kulia lilikuwa limetundika bango kando ya mto huohuo kumkataa, na wengine walisema Kifaransa chake, chenye maneno ya mitaani, ya Kibambara na ya Kiingereza, si Kifaransa. Mdhibiti wa redio hana safu ya maoni kama hayo kwenye fomu yake. Anauliza kama Kifaransa ndiyo lugha kuu ya wimbo, anaweka alama, na wimbo wa Nakamura unaingia kwenye ile asilimia 40.